Ualimu wa sayansi katika shule za sekondari Tanzania

Ualimu wa sayansi katika shule za sekondari Tanzania ni taaluma ya kufundisha fizikia, kemia, baiolojia na hisabati kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita. Mwalimu mwenye sifa ni yule aliyesoma masomo ya kufundishia, kwa kawaida mawili, pamoja na elimu ya ualimu katika chuo kinachotambuliwa na serikali, akafanya mazoezi ya kufundisha na kutunukiwa stashahada au shahada.

Masomo haya yamekuwa na upungufu wa walimu kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo serikali imejaribu mara kadhaa kufupisha njia ya kuupata ualimu wa sayansi. Historia ya taaluma hii kwa sehemu kubwa ni historia ya njia hizo fupi na matokeo yake.

Makala hii inahusu hasa Tanzania Bara. Mifano kadhaa inatoka Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ikiwemo kata ya Msamala iliyo ndani ya Manispaa ya Songea.

Cheti, usajili na leseni

Maneno haya matatu huchanganywa mara nyingi, ingawa kila moja lina maana yake.

Cheti ni hati ya kufaulu mafunzo. Kwa mwalimu wa sekondari ni stashahada ya ualimu au shahada yenye elimu ndani yake. Cheti cha ualimu cha Daraja A kilikuwa cha walimu wa shule za msingi, nacho hakikumpa mtu sifa ya kufundisha sekondari.

Usajili ni kuingizwa katika orodha rasmi ya walimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka sharti kwamba anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu, au awe na leseni ya kufundisha.

Leseni ndilo neno lililobadilika zaidi. Chini ya sheria ya 1978, leseni ilikuwa ruhusa ya muda kwa mtu ambaye hakuwa amesomea ualimu. Ndiyo maana "mwalimu wa leseni" lilikuja kuwa jina la mwalimu asiyekamilika. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, ambayo inaipa Bodi hiyo kazi ya kusajili walimu na kutoa leseni kwa wenye sifa, kama ilivyo kwa madaktari, wahandisi na mawakili. Kwa maana hii mpya, leseni ni alama ya mtaalamu.

Historia

Upanuzi wa sekondari na walimu wa leseni

Kwa miaka mingi baada ya uhuru shule za sekondari zilikuwa chache, na walimu wake walitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika vyuo vichache vya stashahada. Kimojawapo cha vyuo vilivyojulikana kwa masomo ya sayansi ni Chuo cha Ualimu Kleruu cha Iringa, kilichopewa jina la Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971.

Hali ilibadilika kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004. Kila kata ilitakiwa kuwa na shule ya sekondari, na wananchi walichangia fedha na nguvu zao kujenga madarasa. Idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka takriban 1,290 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,100 mwaka 2009.

Jengo la darasa linaweza kusimama ndani ya miezi michache, lakini mwalimu wa fizikia huhitaji miaka. Ili kuziba pengo, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, kisha wakapelekwa shuleni. Wananchi waliwaita "vodafasta", wakifananisha kasi ya mafunzo yao na vocha za simu. Baadhi yao walijiendeleza baadaye na kuwa walimu kamili, wengine waliacha kazi.

Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: DUCE cha Chang'ombe, Dar es Salaam, na Mkwawa (MUCE) cha Iringa. Lengo lilikuwa kuongeza walimu wa sekondari wenye shahada.

Matokeo ya mwaka 2012 na suala la maabara

Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya watahiniwa 240,000, sawa na takriban asilimia 60, walipata daraja sifuri katika matokeo yaliyotangazwa kwanza. Matokeo hayo yalifutwa na kupangwa upya mwaka 2013, lakini mjadala juu ya shule zisizo na walimu wala vifaa ulikuwa umeanza nchi nzima.

Mwaka huohuo wa 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Michango ilikusanywa na maabara nyingi zilijengwa, ingawa katika shule kadhaa vyumba vilikamilika kabla ya kupatikana vifaa, kemikali na mwalimu wa kuvitumia.

Stashahada maalumu ya Dodoma

Mwaka 2014 ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA katika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Iliwachukua vijana waliomaliza kidato cha nne bila kupitia kidato cha tano na sita. Mwezi Mei 2016, baada ya wahadhiri kusitisha kufundisha programu hiyo, wanafunzi zaidi ya 7,000 walitakiwa kuondoka chuoni. Ulifuata uhakiki wa sifa zao: wachache walirudi UDOM, wengi walipangiwa vyuo vya ualimu vya serikali, na waliokosa sifa waliondolewa katika mpango huo.

Mwezi Februari mwaka huohuo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilifuta vibali vya vyuo vishiriki viwili vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wake wakahamishiwa kwingine. Matukio haya mawili yalionyesha kwamba mwanafunzi anaweza kuwa amelipa ada na kusoma kwa bidii, na bado akakwama kwa sababu ya kasoro ya programu au ya chuo.

Uhakiki wa vyeti

Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma zaidi ya 9,900 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo vyeti vya kidato cha nne na cha sita hulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kabla mwalimu hajaajiriwa. Tofauti ya majina kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule huweza kumchelewesha hata mwenye vyeti halali.

Hatua za kuwa mwalimu

Kidato cha nne

Safari huanza katika mtihani wa kidato cha nne. Alama hupangwa kuwa A (75–100), B (65–74), C (45–64), D (30–44) na F. Ili kuendelea na kidato cha tano, mwanafunzi anahitaji ufaulu wa kuanzia C katika masomo yasiyopungua matatu. Mwanafunzi aliyepata D ya fizikia huwa na nafasi ndogo ya kupata tahasusi za fizikia.

Kidato cha tano na sita

Tahasusi za sayansi zinazojulikana zaidi ni PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, baiolojia), CBG (kemia, baiolojia, jiografia) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Tahasusi huamua masomo ambayo mwalimu ataweza kuyafundisha baadaye. Aliyesoma CBG, kwa mfano, huelekea ualimu wa kemia na baiolojia, au baiolojia na jiografia.

Chuo

Kuna njia tatu kuu:

Stashahada ya ualimu wa sekondari. Husomwa miaka miwili katika vyuo vya ualimu na wahitimu wa kidato cha sita wenye daraja la kwanza hadi la tatu na ufaulu wa kiwango kikuu katika masomo mawili ya kufundishia. Kwa masomo ya sayansi na hisabati, kwa nyakati tofauti imekuwepo pia stashahada ya miaka mitatu kwa waliomaliza kidato cha nne.

Shahada ya sayansi pamoja na elimu. Husomwa kwa kawaida miaka mitatu. Kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Vyuo vinaweza kudai zaidi.

Stashahada ya uzamili ya elimu. Ni ya mwaka mmoja, kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya sayansi isiyo na elimu. Hutolewa pia na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo mikoani, hivyo mtu anaweza kusoma bila kuhama.

Katika njia zote mwanachuo husoma masomo yenyewe pamoja na saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, upimaji na tathmini, ushauri na unasihi, na mbinu za kufundishia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikizipa kipaumbele programu za ualimu wa sayansi. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ilifika pia kwa baadhi ya programu za stashahada, zikiwemo za ualimu wa fizikia, kemia na hisabati.

Mazoezi ya kufundisha

Mazoezi ya kufundisha, ambayo wengi huyaita BTP, ni sehemu ya lazima. Mwanachuo hupangiwa shule, kwa kawaida kwa wiki sita hadi nane kila awamu, akafundisha vipindi halisi huku mkufunzi akija kumkagua. Huandaa azimio la kazi la muhula, andalio la somo la kila kipindi, nukuu na zana.

Mkufunzi huangalia zaidi ya ufasaha wa maelezo. Huangalia kama mwalimu alijaribu jaribio lake kabla ya kipindi, kama wanafunzi waligusa vifaa wenyewe au walitazama tu, na kama swali la mwisho lilipima kilichofundishwa. Wanachuo wengi hugundua hapa kwamba kujua kemia na kumwezesha mtu mwingine kuijua ni kazi mbili tofauti.

Ajira na kuthibitishwa

Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo cha kazi bila kuomba. Utaratibu huo umekwisha. Nafasi hutangazwa kulingana na kibali cha ajira na bajeti, na wahitimu huomba kwa njia ya mtandao. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waombaji wa ualimu walifanyiwa usaili chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Anayeajiriwa na serikali huanza kwa ngazi ya mshahara TGTS C akiwa na stashahada, au TGTS D akiwa na shahada. Hukaa katika majaribio miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Kuthibitishwa, kupandishwa daraja na nidhamu ya walimu wa shule za serikali husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Shule binafsi huajiri zenyewe, lakini hutakiwa kuwa na walimu wenye sifa, na wathibiti ubora wa shule hukagua vyeti.

Mfano wa Songea

Mwanafunzi anayekulia Msamala anaweza kusoma hadi kidato cha nne bila kutoka mjini Songea. Baada ya hapo mambo hutegemea matokeo yake na upangaji wa kitaifa. Songea kuna shule mbili kongwe za serikali zenye kidato cha tano na sita, ya wavulana na ya wasichana, lakini mwanafunzi aweza kupangiwa mkoa mwingine wowote. Kwa wasichana, mkoa umepata pia shule ya sayansi ya bweni wilayani Namtumbo, iliyofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024.

Mjini hapo kuna Chuo cha Ualimu Songea, ambacho ni cha serikali. Vyuo vya ualimu havitoi programu zilezile kila mwaka, hivyo mwombaji husoma tangazo la Wizara la mwaka husika kabla ya kuchagua. Anayetafuta shahada ya sayansi pamoja na elimu kwa kawaida husafiri kupitia Njombe hadi Makambako, kisha Iringa, Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam. Nauli, kodi ya chumba na chakula huongezeka juu ya ada, na kwa familia ya wakulima wa mahindi gharama hizo ndizo mara nyingi huamua kati ya stashahada ya karibu na shahada ya mbali.

Kwa kuwa vyuo vimewahi kufutiwa vibali Songea kwenyewe, wazazi na wanafunzi wana sababu ya kuhakiki mambo mawili kabla ya kulipa ada: kwamba chuo kimeidhinishwa, na kwamba programu yenyewe imeidhinishwa. Kwa vyuo vikuu orodha hiyo hutolewa na TCU. Kwa vyuo vingine hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Kazi ya darasani

Mitihani ya taifa ya fizikia, kemia na baiolojia ina sehemu ya vitendo. Mtahiniwa hutakiwa kupima, kuchanganya, kutazama na kuandika alichokiona. Shule isiyofanya vitendo hadi miezi ya mwisho huwafanya wanafunzi wakutane na bureti kwa mara ya kwanza karibu na mtihani.

Ukosefu wa vifaa hauzuii majaribio yote. Mafunzo ya ualimu hutia mkazo zana zinazopatikana katika mazingira, kwa mfano:

Pendulamu hutengenezwa kwa uzi na jiwe. Uzi wa mita 1 hufanya mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, hivyo mizunguko 20 huchukua kama sekunde 40. Wanafunzi wakipunguza uzi hadi robo mita, muda hupungua kwa nusu, nao huona kanuni kabla ya kuandikiwa.

Wanga hupimwa kwa matone ya iodini. Ugali, muhogo na kiazi hugeuka rangi ya bluu iliyokolea hadi nyeusi, wakati sukari haibadiliki.

Asidi na besi hutambuliwa kwa maji ya choya. Maji ya limau huyafanya kuwa mekundu zaidi, na maji ya majivu huyageuza kuelekea kijani.

Majaribio hayo hayachukui nafasi ya maabara kwa mambo kama titresheni au umeme, yanayohitaji vipimo sahihi na usalama. Asidi kali, kwa mfano, humwagwa ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi. Mwalimu ambaye hakufundishwa jambo hilo ni hatari kwa darasa zima.

Suala la lugha

Katika shule za msingi za serikali sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hulazimika kujifunza dhana mpya na lugha mpya kwa pamoja. Walimu wengi hueleza jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha hulirudia kwa lugha ya mtihani. Mwalimu wa sayansi kwa hiyo ni mwalimu wa lugha pia, hata kama cheti chake hakisemi hivyo.

Changamoto

Upungufu wa walimu wa sayansi hujizalisha wenyewe. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia hutoa wahitimu wachache wenye C ya fizikia. Wachache hao ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kusoma PCM au PCB, na wengi wa waliofaulu vizuri huchagua udaktari, uhandisi au famasia. Wanaobaki kwa ualimu ni wachache zaidi, na shule ileile hubaki bila mwalimu.

Jambo la pili ni kwamba upungufu shuleni haumaanishi kazi kwa kila mhitimu. Idadi ya wanaoajiriwa huamuliwa na bajeti, hivyo wapo walimu wenye vyeti kamili walio mtaani wakati shule zinawahitaji. Shule nyingi hutumia walimu wa kujitolea wanaolipwa posho ndogo kutokana na michango ya wazazi. Elimu bila ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyoanza Januari 2016, iliongeza wanafunzi na hivyo mahitaji ya walimu pia.

Jambo la tatu ni kujiendeleza. Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na mwalimu aliyehitimu kwa mtaala wa zamani anahitaji mafunzo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unalenga kuwawezesha walimu kujifunza pamoja shuleni kwao na katika vituo vya walimu.

Zanzibar na nchi jirani

Zanzibar ina wizara yake ya elimu, na walimu wake wengi husoma katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ingawa mitihani ya kidato cha nne na cha sita ni ya NECTA. Nchini Kenya usajili hufanywa na Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko, ambayo hudai wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Uganda walimu wengi wa sekondari za chini walikuwa na stashahada, lakini sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 inalenga kila mwalimu awe na shahada. Tanzania Bara bado inapokea stashahada na shahada kwa ualimu wa sekondari.